Mzee wa Ndani ya Vani

Duka liko kwenye kona ya mtaa wetu hapa Black Rock, Buffalo, na mwenyewe ni Mwafghani ambaye hatabasamu kabla ya saa nne asubuhi. Wiki iliyopita nilipita mapema kununua unga na vitunguu, nikakuta ameweka kikaango kidogo kwenye jiko la umeme karibu na mlango, anachoma mbegu. Zilikuwa zinapasuka, pa, pa, na moshi wake, mchungu kidogo na mtamu kidogo, ukanishika kabla sijavuka kizingiti. Nikasimama na kikapu mkononi. Kisha nikainama kuangalia kama kamba za viatu vyangu zimefungwa vizuri. Mimi huyu, mama wa mtoto mmoja, nikiwa nimevaa ndara.

Mwafghani aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri kuingia uwanjani.

Utotoni tulikaa hukuhuku Amerika, mji wa Louisville, mtaa wa Beechmont, kwenye nyumba za kupanga ambapo jioni ukifungua dirisha unapata harufu ya sombe letu la majani ya muhogo, samaki wa Waburma wa ghorofa ya juu, na sabuni ya kufulia kutoka kila mahali. Nyuma ya shule kulikuwa na uwanja, nusu nyasi, nusu vumbi, na hapo ndipo timu yetu ya wasichana ilipofanyia mazoezi. Wengi tulikuwa Wakongo. Kocha wetu aliitwa Mahnaz. Mchana aliwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi ileile ya mama zetu, na jioni alikuja na filimbi shingoni. Tuliambiwa aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Iran. Iran ilipo hatukujua, lakini timu ya taifa tulijua ni nini, na kwa kuwa kocha alikuwa anachechemea, tulijiuliza ni taifa gani hilo linalochezesha vilema. Watoto hawana adabu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kilichonivutia zaidi ya filimbi kilikuwa goti lake. Siku za joto alikunja suruali, na pale gotini zilionekana alama, mstari mrefu na vidoti viwili pembeni. Kwetu hatukuhitaji kuelezwa. Kila mtoto aliyekulia kati ya Uvira, kule Kongo, na makambi ya wakimbizi alishasikia wachezaji wanavyochanjwa magotini na kupakwa dawa ili mpira uwatii. Nikaamua kwamba kocha alichanjwa na mtu mwenye mkono mzuri sana, kisha dawa ikamzidi nguvu, ndiyo maana anachechemea.

Na dawa lazima iwe na mwenye dawa. Huyo naye alikuwepo. Kocha alikuja mazoezini na baba yake, mzee mwembamba mwenye koti la sufu hata jua likiwaka, ambaye yeye alimwita Babajan, nasi tukamwita hivyohivyo. Babajan hakuwahi kukaa uwanjani. Alibaki ndani ya vani yao kuukuu, imeegeshwa tako kwa uwanja, kioo kimeshushwa kidogo. Ukipita karibu unamwona amefumba macho, midomo inacheza. Tukifunga goli, anatikisa kichwa kabla hatujamaliza kushangilia. Mtoto akianguka, anashika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa anajua kila kitu na haangalii chochote. Nilimwogopa kuliko mbwa wa jirani.

Halafu kabla ya kila mechi alishuka na chetezo chake kidogo cha bati, mbegu zinapasuka juu ya makaa, akatuzungushia moshi kichwani mmoja mmoja huku akisema maneno ya kwao. Nilikuwa naufumba mdomo, naifungua pua. Tangu moshi ule uanze, hakuna msichana wa timu yetu aliyevunjika, na mimi nilianza kukimbia winga ya kushoto kiasi kwamba hata wavulana walinyamaza. Nilijua wazi ni kitu gani kinanikimbiza. Nyumbani sikusema neno. Papa, kama tunavyowaita baba zetu sisi wa Kivu, alikuwa shemasi kanisani, na shemasi mwenyewe wa kufunga na kukesha, si wa kupanga viti.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya kwenda mji wa Columbus kwenye mashindano, Papa alitoka kazini mapema akaja kunichukua. Babajan siku hiyo aliamua kutuombea safari. Nilikuwa nimesimama mbele yake, macho nimefumba, moshi umenizunguka mpaka shingoni, niliposikia sauti ya Papa.

"Espe! Toka pale! Toka mbio!"

Alinivuta mkono hadi nikaacha kiatu kimoja. Mzee alibaki na chetezo hewani. Kocha alikuja akichechemea, anauliza kuna nini, Papa akafunga mlango wa gari. Njia nzima ndani ya gari aliendesha bila redio, na Papa bila redio ya nyimbo za kwaya ni Papa wa kuogopwa.

"Nani alikutia mu ile moshi?"

"It's just smoke, Papa."

"Jibu mu Kiswahili!"

Nikajibu kwa Kiswahili kwamba ni moshi tu. Tulipofika aliingia chumbani na simu, na kupitia mlango nilimsikia akiongea na baba wa Sifa, kisha baba wa Furaha, wenzangu wa timu, kisha wengine wote. "Donc, mutoto yako pia iko mule. Bon, minakuambia sawa ndugu. Hata huku Amerika bulozi iko." Kila alipokata simu moja na kupiga nyingine kuhusu uchawi huo, niliona timu yangu ikipungua. Nililia ndani ya mto ili asisikie, kisha nikalia kwa sauti ili asikie.

Mama alinikuta jikoni nimekaa chini karibu na friji.

"Haiko juu ya mupira, Espe. Iko juu ya Byamungu."

Byamungu alikuwa mdogo wake Papa. Jina nililijua, picha yake ilikuwa ukutani kwetu, kijana mwenye glavu za golikipa kubwa kuliko mikono yake. Nilidhani aliuawa vitani kama ndugu wengine waliokuwa ukutani. Mama akaniambia. Kule Uvira, kabla ya mechi kubwa, viongozi wa timu waliwapeleka wachezaji wote kwa mufumu, yaani mganga, wakafunikwa shuka na kufukizwa moshi, wakachanjwa magoti. Byamungu alikuwa mtoto wa kanisa, akatoroka kwa mlango wa nyuma. Kesho yake walifungwa. Watu wakasema ni yeye aliyeharibu dawa, wakamngoja njiani, wakampiga. Papa ndiye aliyembeba mpaka nyumbani, na wiki haikuisha, akafariki.

"Sasa anatoka ku kazi, anakuta mutoto yake chini ya moshi," Mama alisema. "We ungefanya nini?"

Nilimhurumia Papa, na papo hapo nilimchukia. Vyote viwili vilikaa tumboni mwangu usiku huo kama ugali usioiva.

Ijumaa jioni walibisha hodi. Kocha alikuwa bado na sare ya kazini, na nyuma yake Babajan na koti lake. Mama alikuwa na hasira, lakini mgeni ni mgeni. Alimimina chai ya maziwa, akaleta mandazi, akaweka vikombe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Papa alikaa kwenye kiti chake mkabala na mzee. Mimi niliwekwa katikati, juu ya stuli, kwa sababu Kiingereza cha nyumba ile kilikuwa kinywani mwangu.

"Muambie," Papa alisema bila kuniangalia, "minaona ile muzee ni mufumu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sikujua kupamba. Nikamgeukia kocha, nikasema kwa Kiingereza: "Papa anasema baba yako ni mchawi."

Kocha alicheka. Kisha akamwangalia Papa, kicheko kikafia hapohapo.

"Amefanya nini?"

"Anachoma dawa juu ya batoto," Papa alisema nami nikatafsiri. "Anafunga macho mu gari, anasemasema. Hii mambo minajua. Siko mutoto."

Kocha aliongea na baba yake kwa lugha yao, polepole. Mzee aliweka kikombe chini. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa mkebe mdogo, akamwaga mbegu kwenye kisahani cha Mama. Papa alirudisha kiti nyuma hadi kikagonga ukuta.

"Ni mbegu za porini," kocha alisema. "Kwetu kila nyumba inazo. Mtoto akifaulu, bibi harusi akitoka, mtu akisafiri, tunamchomea ili macho ya wenye wivu yasimpate."

Nilipotafsiri, Papa aligonga goti lake. "Njo vile bafumu banasema! Vile vile kabisa!"

Na kusema haki, hapo alikuwa na hoja. Hata mimi niliona kocha ameharibu.

"Na goti?" Papa aliendelea. "Muulize ile chale ku goti ni ya nini."

Kumbe naye alikuwa ameiona. Kocha alisimama, akakunja suruali ya sare hadi juu ya goti, akasogeza mguu chini ya taa ili Papa aangalie vizuri. Mama aliacha kukusanya vikombe. Halafu kocha alianza kueleza, sentensi moja moja, akiningoja nimalize kila moja.

Alijifunza mpira uchochoroni pamoja na kaka zake, baba akiwa kazini. Baba alipokuja kujua, yeye alikuwa tayari msichana mkubwa, na wasichana wakubwa walicheza ndani ya kuta, wanawake peke yao. Mwanaume hakuruhusiwa kuingia, hata akiwa baba mzazi. Televisheni haikuonyesha. Aliitwa timu ya taifa, akacheza kiungo, akasafiri nchi za jirani na jezi ya mikono mirefu na hijabu iliyobanwa kwa pini, joto likimwua. Akawa nahodha. Na nyumbani, kila mechi, baba yake alimchomea mbegu mlangoni, akampeleka kwa gari, akaegesha nje ya ukuta wa uwanja, akafumba macho ili asikie vizuri.

"Alijua kila kitu kwa kelele," kocha alisema. "Goli letu lina kelele yake. Goli la wenzetu lina kelele yake. Jioni alikuwa ananisimulia mechi niliyocheza mimi."

Siku goti lilipokatika, uwanja mzima ulinyamaza. Baba alisikia ule ukimya, akajua. Alikimbilia lango, akamwambia askari aliyekuwa pale kwamba mle ndani kuna binti yake. Askari akamwambia hakuna mwanaume anayeingia. Alisimama langoni mpaka gari la wagonjwa likatoka. Alama zile gotini ziliachwa na daktari wa upasuaji, na mpira wake uliishia siku hiyo.

"Hajawahi kuniona nikicheza," alisema. "Hata mara moja."

Nilitafsiri na hiyo ya mwisho. Papa alikuwa anaangalia goti.

"Muulize," Papa alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "huku hakuna ukuta. Juu ya nini anabaki mu gari?"

Kocha alimuuliza mzee. Mzee alijibu kwa maneno machache, akionyesha sikio lake.

"Anasema masikio yake ndiyo yanayoujua mpira. Macho hayakujifunza."

Mimi nilitegemea Papa alainike. Sinema nilizokuwa nikiangalia zilinifundisha hivyo. Papa alivuta pumzi, akasema, "Muambie pole juu ya goti. Kesho mutoto atacheza, na minaita bale baba bengine. Lakini moshi, hapana. Hata kidogo. Na mimi nitakuja Columbus, nitasimama pale ku gari, nione."

Kocha alimweleza baba yake. Mzee alianza kurudisha mbegu kwenye mkebe, moja moja. Nilitaka kumsaidia lakini Papa alikuwa ananiangalia.

Kesho yake Papa aliacha ovataimu ya Jumamosi, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata kwa harusi, tukaondoka gizani. Njia ya Columbus ni ndefu kwa mtoto mwenye hofu. Wenzangu walicheza michezo ya simu na kula chipsi. Mimi nilikuwa nahesabu mifupa yangu. Bila moshi nilikuwa mtupu kabisa, na nilikuwa na hakika kwamba leo ndiyo leo, goti langu litakatika. Nilitamani Papa angeniacha nyumbani, na nilikuwa nimelia siku nzima ili asiniache nyumbani.

Uwanja wa Columbus ulikuwa na nyasi kama zulia la wageni. Vani iliegeshwa kama kawaida yake, tako kwa uwanja. Papa akaenda kusimama kando ya kioo, mikono kifuani, na suti yake ya kanisani. Askari mzima. Kila nilipopata mpira niliangalia kule kwanza, na kwa sababu hiyo kila mpira niliupoteza. Kocha alinipigia kelele mpaka filimbi ikamdondoka. Wenzetu walikuwa wasichana warefu, wenye nywele zilizofungwa kwa utepe wa rangi moja, na walitufunga mapema.

Kipindi cha pili nilipata mpira winga ya kushoto na mbele yangu kukawa wazi. Nikasahau kila kitu, Papa, mzee, moshi, nikakimbia. Sikumwona beki akitokea pembeni. Nilisikia kishindo, nikasikia pumzi yangu yote ikitoka, kisha nikawa chini naangalia mawingu na siwezi kuvuta hewa. Na uwanja ukanyamaza.

Kilichotokea kwenye vani nilisimuliwa na Papa. Alisema yeye alikuwa anamwangalia mzee, si uwanja, kwa hiyo hakujua kama kuna aliyeanguka. Alimwona mzee akifumbua macho. Alimwona anaweka mkono kwenye kitasa cha mlango, akasita, akamwangalia Papa usoni, kama anayesubiri kuambiwa arudi. Papa alikuwa amesimama mbele ya mlango ule, na mwili wake ndio ulioufunga.

Papa akaufungua mlango.

Mimi niliona mwisho wake tu. Nilipoinua kichwa, pumzi imerudi kidogo, niliwaona wazee wawili wanakuja wakikatiza uwanja, koti la sufu na suti ya kanisani, mmoja amemshika mwingine mkono, sijui nani alikuwa anamvuta nani. Refa alipiga filimbi awazuie. Hawakuwa na habari naye. Babajan alifika, akapiga magoti, akashika goti langu kwa mikono miwili, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Papa alisimama nyuma yake anarudia jina langu. Goti lilikuwa zima. Nilikuwa nimeishiwa pumzi tu. Niliona aibu, nikatamani nivunjike kidogo ili wasionekane wamekimbia bure.

Baada ya hapo mzee hakurudi kwenye vani. Alikaa kwenye mstari, karibu na Papa, macho wazi. Mwanzo alikuwa anageuza kichwa akiwa amechelewa, mpira umeshapita, kisha akaanza kuuwahi. Tulifungwa. Hata sikujali sana, na hilo nalo lilinishangaza.

Watu walipoanza kukunja viti, Papa aliokota mpira, akatembea nao mpaka kwa kocha, akauweka miguuni pake.

"Espe, muambie apige. Muzee aone."

Kocha alisema goti halimruhusu, na ana miaka mingi hajapiga kwa nguvu. Nilitafsiri. Papa alitikisa kichwa.

"Apige pole pole. Hakuna mutu anamufukuza."

Golikipa wetu alikuwa ameshavua glavu, nikatumwa mimi golini. Kocha alivua koti la mazoezi. Akazifunga nywele upya, akauweka mpira kwenye doa la penalti, na nikaona mtu mwingine kabisa amesimama pale, mdogo kuliko kocha wetu. Wa kwanza ulienda nje, akacheka kwa aibu. Wa pili nao nje. Papa aliukimbilia, akaurudisha mwenyewe, viatu vyake vya ibada vimelowa umande. Kocha akarudi nyuma hatua chache, akichechemea, kisha akaja, na hatua mbili za mwisho hakuchechemea. Akapiga.

Mwaka uliofuata tulihamia Buffalo, kwa ndugu wa Mama. Moshi ule Papa hajaukubali mpaka leo, na sitegemei ataukubali. Sasa anakaa Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege, kwenye nyumba ambayo ndege zikipita vikombe vinalia kabatini. Siku ile ya dukani nilisahau vitunguu, nikakaa ndani ya gari langu, nikampigia.

"Papa, unakumbuka Babajan?"

"Ule muzee wa moshi." Ndege ilipita, akaisubiri iishe. "Espe, ule mupira wa mwisho, uliingia?"

"Si ulikuwa pale, Papa? Ulisimama karibu kabisa."

"Nilikuwa pale. Sikuangalia goli. Nilikuwa naangalia uso ya ule muzee."

Miaka yote hiyo hakuwa ameuliza. Nikashusha kioo, na harufu ya zile mbegu bado ilikuwa inatoka mlangoni kwa Mwafghani.

"Uliingia, Papa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeenda kuuokota wavuni."